Ukimpiga jambazi risasi kwako, kesi haijaisha

Kila mjadala wa bunduki za raia ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Mwizi akiingia kwangu nampiga risasi, story imeisha." Haijaisha, ndugu yangu. Uzi mfupi.

Kujitetea kwetu kunasimama kwenye kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya mkoloni ya 1930. Hakikwambii upige lini. Kinakurudisha tu kwa kanuni za Uingereza zilizojengwa na hukumu za majaji: nguvu iendane na hatari. Anayekujia na panga si sawa na anayeruka ua akitoroka. Leseni yako haibadilishi hapo.

Kwa hivyo polisi wakifika wanakuta maiti na bunduki yako. Kwao ni uchunguzi wa mauaji.

Sasa hapa historia inauma. 1988 katiba ilirekebishwa, mshukiwa wa kosa la hukumu ya kifo akaweza kukaa seli siku 14 kabla ya kuona hakimu, badala ya saa 24. Siku 14! Hata kama ulikuwa unalinda watoto wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, ikarudisha saa 24 (ama siku ya korti inayofuata), pamoja na haki ya kunyamaza na kuongea na wakili.

Itumie. Ita polisi mwenyewe, usisogeze kitu, wape bunduki, sema ulishambuliwa. Taarifa ndefu ingoje wakili. Polisi wakiomba korti siku zaidi, huyo wakili ndiye atauliza ni za nini.