Askari wa Shaba na Wapagazi Wetu

Wanachama wafikao Dar es Salaam hawakosi kuiona sanamu ya askari wa shaba katika njia ya Samora, singe yake imeelekea bandarini. Mahali hapo Wadachi walisimamisha sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 akawekwa askari Mwafrika.

Twamheshimu askari huyo. Walakini katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, wengi wa babu zetu waliotolewa Kenya hawakushika bunduki, bali walitwikwa mizigo. Walikufa makumi ya maelfu, kwa maradhi na upungufu wa chakula kuliko kwa risasi. Maandishi yaliyo chini ya sanamu yanawataja wapagazi, lakini hayataji jina la mtu hata mmoja. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya mji huo na Kariokor ya Nairobi.

Basi twawaomba wazee: kila ukoo uliopotelewa na mpagazi ulete jina lake na la kijiji chake, yaandikwe katika daftari la chama, wajukuu wapate kuyasoma.