Kokoto Zilitoka Wapi?

Tembe ya Wanyaturu na Wagogo hujengwa kwa miti na udongo. Udongo wenyewe huchimbwa jirani na nyumba, na shimo linalobaki hulizunguka wenye nyumba kila siku. Anayefaidi ujenzi na anayebeba gharama yake ni mtu mmoja.

Reli ya Kati ilivunja utaratibu huo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Saranda, ikapita Manyoni na Itigi. Tuta lilihitaji kifusi, na mataruma yalihitaji kokoto za kuyashikilia. Vitabu hutupa tarehe za stesheni. Mashimo hayatajwi.

Fanya hesabu ndogo ya barabara. Tabaka la moramu lenye upana wa meta 7 na unene wa sentimeta 15 linameza meta za ujazo 1,050 kwa kila kilometa. Ni safari 105 za lori la meta za ujazo 10, na hapo ni tabaka moja tu, tena lililokwisha kushindiliwa.

Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwa sheria ya 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za 2005, ikaweka sharti la tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza. Sheria ya Madini ya 2010 nayo inahesabu mawe na mchanga wa ujenzi kuwa madini, hivyo mchimbaji anahitaji leseni. Mwanya uko katikati. Barabara ina faili lake, machimbo yana lake, na mara nyingi machimbo huchaguliwa baada ya tathmini ya barabara kukamilika. Kila faili likisomwa peke yake, athari huonekana ndogo.

Singida si mahali pa kupuuza shimo. Mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo shimo la moramu hugeuka lambo. Wafugaji hunyweshea ng'ombe humo, na wapo wanaoomba lisifukiwe. Lakini kingo zake zimesimama wima, mbu huzaliana, na mtoto akiteleza hana pa kushika. Kando ya Manyoni kuna vichaka vya Itigi, uoto mnene ambao mfano wake uko kaskazini mwa Zambia na sehemu chache mno kwingineko. Na reli ya kisasa sasa inapita ukanda huohuo: mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilometa 368 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2021.

Tathmini ya mradi wa namna hii ianzie kwenye mwamba. Ni mwamba upi utakaopasuliwa? Malori yatapita wapi, na vumbi litaangukia shamba la nani? Nani atafukia shimo, kwa fedha zipi, lini? Kijiji kikitaka lambo libaki, kiamue chenyewe kwa maandishi, na kingo zilazwe kabla mkandarasi hajafunga kambi.

Siku ya kukata utepe huandikwa. Iandikwe pia siku ya kufukia shimo.