Metamateriali: Vifaa vinavyoiongoza sauti

Mvua ya alasiri inapoyapiga mabati ya madarasa katika eneobunge la Lurambi, Kaunti ya Kakamega, mwalimu hana budi kunyamaza hadi ikatike. Eneo hilo hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo muda wa masomo unaopotea si haba. Je, sauti yaweza kuzuiwa?

Tangu jadi jibu limekuwa uzito. Ukuta ukiongezwa uzito maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 6 hivi. Zilizo sugu zaidi ni sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu. Anayelala jirani na matanga anajua: mdundo wa isukuti humfikia kitandani, maneno ya waimbaji yakabaki nje.

Metamateriali ni vitu vilivyobuniwa ili tabia yake itokane na umbo na mpangilio wa vijisehemu vyake, si mali ghafi pekee. Mwaka 2000, Ping Sheng na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong walivika tufe za madini ya risasi mpira laini, wakazipanga ndani ya gundi ngumu. Sauti ya takriban mitetemo 400 kwa sekunde ilipofika, tufe zilicheza kinyume na msukumo wake, nayo ikarudishwa. Wimbi la sauti hiyo hewani hufikia sentimita 85. Tufe ilikuwa na upana wa sentimita 1 hivi.

Mwaka 2014, kikundi cha Steven Cummer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliunda piramidi ya mabamba ya plastiki yenye matundu. Mawimbi yaliyoipiga yalirudi kana kwamba chini yake hapakuwa na kitu. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitengeneza pete iliyozuia asilimia 94 ya sauti iliyopita katika bomba, huku hewa ikipenya.

Pete hiyo isingeifaa paa la Lurambi. Vifaa vya aina hii hulenga masafa machache, ilhali mvua juu ya bati ni mchanganyiko wa masafa mengi. Dari yenye tabaka la kufyonza sauti ingali bora. Injini ya kinu cha mahindi ni jambo jingine: hunguruma kwa masafa yaleyale mchana kutwa, na bomba lake la moshi halizibiki, sharti lipumue. Wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoko papo hapo Lurambi, wangeweza kuanza kulipima hilo kwa kipande cha bomba na spika.