Nyumba, Samadi na Ujira: Swali la Kuhama katika Historia ya Singida

Wahenga walituusia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hao hao walisema pia: fuata nyuki, ule asali. Methali hizi mbili zinavutana, na hakuna mahali zinapovutana zaidi kuliko ndani ya nyumba ambayo mmoja wa wenye ndoa ameitwa kufanya kazi mbali. Je, jamaa nzima ihame na kuufuata ujira? Au aende mmoja, na wengine wabaki kulinda kilichopo?

Wako wanaodhani kwamba swali hili limezaliwa juzi, pamoja na barua za uhamisho na ofisi za mijini. Sivyo. Katika Mkoa wa Singida swali hili limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na namna lilivyojibiwa inatufundisha mengi juu ya jamaa, kazi na haki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwenye kwenda alihesabiwa ujira wake hadi senti ya mwisho, lakini mwenye kubaki hakuhesabiwa kitu, ingawa kazi yake ndiyo iliyoushikilia ujira huo usianguke.

Nyumba kabla ya ujira

Singida iko katikati ya nchi yetu. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, ambao hujiita Arimi, pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu. Upande wa Manyoni wako pia Wagogo na Wakimbu, na katika sehemu mbalimbali za mkoa wanaishi Wadatoga na Wahadzabe. Mvua hunyesha mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na baadhi ya miaka hunyesha kidogo mno. Katika nchi ya namna hii mkulima hawezi kuitegemea ardhi peke yake. Ng'ombe hulala zizini, samadi yao huchukuliwa na kutandazwa shambani, na shamba lililo karibu na mji hulisha watu mwaka baada ya mwaka. Shamba lisilotiwa samadi huchoka upesi.

Mtaalamu wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyekaa miongoni mwa Wanyaturu katika miaka ya 1959 na 1960, alieleza kwa kirefu jinsi uchumi huu ulivyofanya kazi. Uwele na mtama vilikuwa chakula, lakini vilikuwa pia mtaji, kwa kuwa nafaka iliyosalia iliweza kubadilishwa kwa mifugo. Mifugo ilileta samadi, samadi ikaleta nafaka, na nafaka ikaleta mifugo mingine. Katika mzunguko huo jembe la mwanamke lilikuwa na nafasi kubwa mno. Tena kila mke alikuwa na nyumba yake. Shamba na mifugo vilivyowekwa chini ya nyumba hiyo vilikuwa urithi wa watoto wa kiume wa mama huyo, wala havikuchanganywa ovyo na mali ya nyumba ya mke mwenziwe.

Hapa msomaji apatazame vizuri. Neno "nyumba" katika desturi hii halikumaanisha kuta na paa la tembe tu. Lilimaanisha mwanamke, watoto wake, shamba lake lenye samadi, na sehemu yake ya zizi. Mwanamke aliyeondoka kwa muda mrefu hakuacha jengo. Aliacha madai ya watoto wake. Kwa Wanyisanzu, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, mambo yalikuwa na sura nyingine. Hata hivyo huko nako kuhama halikuwa jambo la mume na mke peke yao, bali la ukoo mzima.

Kodi yaleta safari

Wanaume wa sehemu hizi walizoea safari tangu zamani. Lakini safari za ujira zilipata nguvu mpya chini ya utawala wa Wajerumani, ambao mwaka 1897 walipitisha sheria ya kodi ya nyumba na kuanza kuitoza mwaka uliofuata, kadiri utawala wao ulivyoenea. Waingereza nao walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza kodi kwa namna yao. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Mwenye ng'ombe aliweza kuuza mmoja. Asiyekuwa naye, au asiyetaka kulipunguza zizi lake, hakuwa na budi kuuza nguvu zake.

Kazi nyingine zilikuwa karibu. Huko Iramba, kwenye mgodi wa Sekenke, dhahabu ilianza kuchimbwa mwaka 1909. Na ndiyo dhahabu iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu maarufu za rupia 15 mjini Tabora, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita. Mtu wa Iramba aliyefanya kazi Sekenke aliweza kurudi kwake wakati wa kulima. Kwake yeye swali la kuhamisha jamaa halikuwa zito.

Uzito ulikuja na kazi za mbali. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulienea Tanga na kwingineko, na ukahitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana pwani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, stesheni ya Manyoni ikawa mlango wa kutokea. Lakini kutoka Singida mjini hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 100, na kabla ya magari kuenea watu walizikata kwa miguu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Mawakala wake walizunguka mikoa ya bara kutafuta watu. Waliokubali waliandikwa majina na kupewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba.

Baraza la jamaa

Tuchukue mfano wa mji mmoja, bila kutaja jina, kwa kuwa miji ya namna hiyo ilikuwa mingi. Mwaka huo mvua imekuwa haba. Kodi inadaiwa. Mume, baba wa watoto watatu, anasema ataandikishwa aende mkonge. Wakala amemwambia kwamba mke na watoto nao watachukuliwa na gari. Jioni wazee wanakaa: baba mzazi wa mume, kaka zake, na mama yao ambaye hasemi mengi lakini neno lake ni zito. Njia zilizo mbele yao ni tatu.

Njia ya kwanza ni mume kwenda peke yake na mke kubaki. Nyumba itaendelea, samadi itatandazwa, watoto watakua miongoni mwa jamaa zao. Lakini mke atafanya kazi ya watu wawili. Ng'ombe akiugua, mpaka wa shamba ukigombewa, mtoto akishikwa na homa usiku, mzigo ni wake. Na iko hofu isiyosemwa hadharani: wapo wanaume waliokwenda mkonge wasionekane tena.

Njia ya pili ni wote kuhama. Mume hatapikiwa na mkono wa mgeni, na watoto watamjua baba yao. Lakini ng'ombe itabidi wawekwe kwa watu wengine, na shamba liachwe kwa ndugu. Shamba lililokosa samadi kwa miaka mitatu si shamba lile lile. Na ndugu aliyelitunza kwa miaka mitano huanza kuliona kuwa lake. Huko kambini mke hana zizi wala uwele wake. Anategemea posho na ujira wa mumewe.

Njia ya tatu ni mume kutafuta kazi ya muda mfupi, iliyo karibu, arudi kabla ya mvua za Novemba. Ujira wake ni mdogo, lakini hakuna kinachobomoka.

Jamaa mbalimbali zilichagua njia mbalimbali, na si haki kwetu leo kuwahukumu. Kijana aliyeoa karibuni, asiye na mifugo, hakuwa na mengi ya kupoteza. Yeye na mkewe waliweza kwenda. Mwenye zizi lililojaa alifikiri mara mbili. Lililo dhahiri ni kwamba hawakuupima ujira peke yake. Waliweka mizani: upande mmoja fedha, upande mwingine nyumba. Swali lao halikuwa "atalipwa kiasi gani?" bali "tutakaporudi, tutakuta nini?"

Ujira wa kapera

Sasa tutazame upande wa mwajiri. Katika mashamba ya mkonge kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, na alipokwisha kutimiza kazi za siku 30 ndipo alipolipwa. Siku aliyougua haikuandikwa. Ujira huo ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi ni kapera: umtoshe kula na kubaki na kidogo. Nani basi aliwalisha watoto wake? Nani alimtunza mama yake mzee? Nani alimpokea yeye mwenyewe aliporudi amechoka? Ni mwanamke wa Singida, kwa jembe na samadi.

Kwa hiyo mwenye shamba wa Tanga alipata faida kutoka kwenye shamba la uwele ambalo hakuliona kamwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza ulimwenguni kwa kuzalisha mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katika vitabu vya hesabu vya mashamba hayo mna mishahara ya manamba, mna nauli, mna posho. Hamna mahali palipoandikwa kazi ya mwanamke aliyebaki. Yeye aliitwa mtu "asiye na kazi". Huu ndio uzito wa jambo letu: unyonyaji wa kikoloni haukuishia kwa yule aliyekata mkonge, ulifika mpaka zizini Singida.

Tusisahau pia kwamba jamaa zenyewe hazikuwa bila kosa. Mara nyingi mwanamke ndiye aliyebeba matokeo ya uamuzi ambao sauti yake ilikuwa ndogo ndani yake. Kuisifu desturi ya nyumba pasipo kulisema hili ni kusimulia nusu ya historia.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taratibu za umanamba zilififia. Lakini kuhama hakukwisha. Taifa lilihitaji walimu, wauguzi, mabwana shamba na makarani, nao walipangiwa kazi popote nchini. Mwalimu wa Singida alijikuta Mtwara, na mwalimu wa Kagera akajikuta Manyoni. Faida yake kwa umoja wetu ni kubwa: watoto wengi wa Tanzania walikua wakizungumza Kiswahili kwa sababu baba na mama walikutana kazini, kila mmoja kutoka kwao.

Kisha ikaja kuhama kwa namna nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata jamaa nyingi za Singida, kama za mikoa mingine, zilihamishiwa kwenye vijiji vipya. Shabaha ilikuwa shule, maji na zahanati kwa wote. Hata hivyo, aliyehamishwa mbali na mji wake aliacha nyuma ardhi iliyorutubishwa na zizi lake kwa miaka mingi, na samadi hiyo haikubebeka. Wapangaji walihesabu kaya, rutuba hawakuihesabu.

Upande wa sheria, hatua zimepigwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha haki sawa ya wanawake katika ardhi. Hivyo lile jembe lisiloandikwa katika vitabu vya Tanga lilianza, baada ya miaka mingi, kuandikwa katika vitabu vya sheria.

Mizani ya leo

Leo swali limerudi na sura mpya. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipata nguvu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi. Na Dodoma ni jirani wa Singida. Pia anayepata kazi mbali si mume peke yake. Muuguzi anapangiwa wilaya nyingine. Mumewe, mkulima wa alizeti au vitunguu, anabaki akijiuliza kama afuate. Wapo wanaomcheka mwanamume wa namna hiyo. Lakini kama tuliona sawa mke kuacha nyumba yake amfuate mume, hatuna hoja ya kuona aibu mume anapomfuata mke.

Somo tunalolipata kwa wazee wetu si kwamba tuhame wala tusihame. Wao wenyewe hawakuwa na jibu moja. Somo ni mizani yao: kila kitu kiwekwe juu yake, si mshahara tu. Shamba litatunzwa na nani? Watoto watasoma wapi? Wazazi waliozeeka wataachwa na nani? Je, tutaporudi tutapokelewa? Na lipo moja la kuongeza, ambalo wazee hao hawakulitimiza: yule atakayebeba mzigo wa uamuzi awe na sauti kamili katika kuufanya.

Walimu watafanya vema kuwatuma wanafunzi wao kwa mabibi na mababu, wawaulize ni nani katika ukoo wao aliyekwenda mkonge, na ni nani aliyebaki. Habari za aliyekwenda huenda zimo katika kadi ya kipande iliyohifadhiwa sandukuni. Habari za aliyebaki zimo vichwani tu, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi tuwaandike pia wale walioilinda ngama hiyo.