Nyangumi Mwenye Mkia wa Sangara

Katika kabati langu hapa Kegonga, mahali palipo mbali na bahari kiasi cha wazee wetu wengi kuaga dunia bila kuionja chumvi yake, amelala nyangumi mdogo wa jiwe la sabuni la Tabaka, mwenye rangi ya waridi iliyopauka na urefu usiozidi kidole cha shahada. Na mkia wake, badala ya kulala bapa kama ulivyo mkia wa nyangumi na pomboo wote, umesimama wima mfano wa mkia wa sangara wa Ziwa Viktoria. Mgeni mmoja mwenye shauku ya kukusanya wanyama wa kuchezea alimgeuza, akamtazama tumboni asione alama ya kiwanda, kisha akanipa pole kwa fedha niliyoipoteza. Makala haya ni jawabu nililokosa siku ile.

Mizani ya wakusanyaji wa ng'ambo inajulikana, wala sina haja ya kuirefushia maneno. Tangu William Britain wa London alipoanza mwaka 1893 kumimina vikaragosi vya risasi vyenye uwazi ndani, hadi Schleich wa Ujerumani, na Safari Ltd wa Marekani waliotoa nyangumi na pomboo kwa jina la hifadhi ya samaki ya Monterey Bay, na Wajapani wa Kaiyodo ambao mwaka 1999 walianza kuwaficha wanyama wao ndani ya mayai ya chokoleti ya Furuta, kitu huitwa nadra pale kiwanda kinapoiacha kalibu yake. Huo ni unadra wa daftari: vikaragosi elfu kadhaa vinavyofanana hupanda bei kwa sababu cha elfu na moja hakikumiminwa.

Kwetu hakuna kalibu, na kwa hiyo, husema watu wa mizani hiyo, hakuna taarikh. Ajabu ni kwamba wanapokubali kutuandikia taarikh, hututafutia mwasisi mmoja. Kuhusu uchongaji wa Wakamba wametosheka na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika katika Vita Kuu ya kwanza akarudi na ujuzi. Na hapo wanabishana juu ya mwalimu wake, vitabu vya watalii vikitaja Wamakonde, ilhali Walter Elkan, katika makala yake ya mwaka 1958 juu ya biashara ya vinyago, ambayo sasa ni wachache waisomao, amewataja Wazaramo. Mimi namwamini Elkan, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na waliokumbuka. Lakini hoja yenyewe ina kilema: Wakamba walikuwa wakichonga vigoda na bakora kabla ya vita hiyo, na mkono uliokwisha kuzoea tezo haufundishwi kila kitu upya.

Kadhalika habari ya kisiwa cha Kiwayu. Masimulizi maarufu huanzia mwaka 1997, alipofika Julie Church, mtaalamu wa bahari, kwenye fukwe za Kiunga kaskazini mwa Lamu, akakuta ndala zilizotupwa na mawimbi zikiziba njia ya kasa wanaopanda kutaga. Akawashika mkono kina mama wa hapo wazikusanye na kuzikata, na kazi hiyo ikaja kuwa karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi, ambako ndala huoshwa, hugandishwa kwa gundi hata ziwe bonge, kisha huchongwa kasa, nyangumi na pomboo wenye milia ya rangi zote, mara nyingi kwa mikono iliyokwisha kuchonga mti. Sifa za mama huyo ni haki yake. Ila masimulizi hayohayo hukiri, kwa sentensi moja tu, kwamba alichokiona kwanza ni watoto wa Kiwayu wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndala zilezile. Watoto hao hawana majina katika taarikh hii, nami nadhani mlango wake ni wao, kama ulivyo kwetu Ukuria, ambako tulipokuwa wachungaji wadogo tulifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya vijito, tukawalipia mahari ya uongo, na mvua ikaja ikawayeyusha wote kabla hajatokea mkusanyaji wa kuwahesabu.

Jiwe la Tabaka haliyeyuki. Huchimbwa kwa jembe na sururu, huchongwa lingali na unyevu, kisha kina mama hulisugua kwa msasa ndani ya maji na kuling'arisha kwa nta. Na Elkana Ong'esa, mwana wa vilima vya Tabaka, ameliinua hadi ndege wake akasimama kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Aliyemchonga nyangumi wangu hakufika Paris. Nilipomwuliza mkia ule ameuona wapi, aliupuliza vumbi taratibu, akaniuliza kama mimi nimepata kumwona nyangumi mwenye mkia mwingine. Nilikuwa nimemwona vitabuni tu.