Mhusika Anapohama Dunia: Historia ya Mali na Ujuzi katika Michezo ya Kunusurika

Katika michezo ya kompyuta ya kunusurika, mchezaji huanza mikono mitupu. Hukata miti, huchimba madini, hujenga banda na kupambana na njaa pamoja na maadui. Anachochuma huhifadhiwa ama katika faili la dunia anamoishi, ama katika faili la mhusika wake. Kikihifadhiwa na dunia, kila dunia mpya ni mwanzo mpya. Kikihifadhiwa na mhusika, mali na ujuzi humfuata aendako.

Njia zote mbili ni kongwe kuliko michezo hiyo yenyewe. Rogue, iliyoanzishwa na Michael Toy na Glenn Wichman mwaka 1980, ilifuta kumbukumbu za mhusika aliyekufa, na kila aliyeanza alikuta mapango mapya. Wizardry ya 1981 ilishika njia nyingine: wahusika walihifadhiwa kwenye diski, na toleo la pili, la 1982, liliwataka wachezaji walete wahusika waliokwisha kukomaa katika la kwanza.

Intaneti ilileta suala la uaminifu. Katika miaka ya 1990, Diablo ilihifadhi wahusika kwenye kompyuta za wachezaji wenyewe, na wadanganyifu wakahariri mafaili hayo na kujipa silaha wasizozitolea jasho. Diablo II ya mwaka 2000 ilitoa dawa: wahusika wa upande uliolindwa walitunzwa kwenye seva za kampuni ya Blizzard.

Michezo ya kunusurika ilirithi mjadala huo. Minecraft, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2009, ilimfunga mhusika kwenye dunia yake. Terraria ya 2011 ilitenga mafaili mawili, la mhusika na la dunia. Kwa kawaida kila dunia ya Terraria huzaliwa na mojawapo ya maovu mawili, na kila ovu lina malighafi zake. Mchezaji anayehitaji za upande wa pili hufungua dunia nyingine, akazichukua na kurudi nazo nyumbani. Hapo kuhama ni sehemu ya mchezo.

DayZ, iliyoanza mwaka 2012 kama nyongeza ya Arma 2 chini ya Dean Hall, ilidhihirisha hatari yake. Mhusika mmoja alitambuliwa na seva nyingi zilizounganishwa na hifadhi kuu. Wengine walitoka kwenye seva moja katikati ya mapigano, wakajisogeza wakiwa kwenye nyingine, kisha wakarudi na kutokea nyuma ya adui. Wengine walizunguka seva hadi seva wakikomba silaha kwenye kambi ileile. Seva zenye hifadhi yake binafsi zikawa kimbilio la waliotaka haki.

Rust, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilichagua kufuta: ramani za seva zake rasmi huanzishwa upya kila mwezi, na majengo pamoja na mali huondoka nazo. ARK ya 2015 iliruhusu wahusika na wanyama kuhamishwa kupitia minara maalumu, lakini kati ya seva zilizounganishwa tu.

Valheim ya 2021 inamruhusu mhusika kuhama na mzigo wake wote, ilhali milango yake ya kichawi ya kawaida hukataa madini ya metali, ili yasafirishwe kwa jahazi. Wachezaji waliikwepa kanuni hiyo kwa kupitishia madini katika dunia ya pili. Mwaka 2023 waundaji waliweka mipangilio inayomruhusu mwenye dunia kulegeza sharti hilo.

Historia hii inaonyesha kwamba jibu hutegemea nani anaumia. Katika dunia ya mtu binafsi au ya marafiki waliokubaliana, kuhama na mali hakumdhulumu yeyote, na jasho la mchezaji lastahili kuheshimiwa. Katika dunia ya ushindani baina ya wasiojuana, mgeni aingiaye na silaha alizozichuma kwingine humnyima anayeanza nafasi ya haki. Humo kuanza sawa ni wajibu, na kanuni hiyo itangazwe kabla mchezaji hajawekeza saa zake.