Athens: Reli ya chini ya ardhi kutoka bandari ya Piraeus hadi uwanja wa ndege

Njia ya Tatu ya metro ya Athens, mji mkuu wa Ugiriki, inaunganisha bandari ya Piraeus na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eleftherios Venizelos. Abiria anayepanda treni ya uwanja wa ndege pale bandarini hafiki tena mjini kubadilisha usafiri. Safari huchukua takribani dakika 55. Njia ina vituo 27 na kwenye ramani imechorwa kwa rangi ya bluu.

Ni reli ya abiria peke yake. Mzigo wa kontena una njia yake.

Ilivyojengwa

Sehemu ya kwanza, katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 2000. Uwanja mpya wa ndege ulianza kazi mwaka 2001, na metro ikaufikia mwaka 2004, muda mfupi kabla ya Michezo ya Olimpiki. Upande wa bandari ulichelewa. Mkataba wa kipande cha mwisho, chenye vituo sita na urefu wa kilomita 7.6, ulisainiwa mwaka 2012. Vituo vitatu vilifunguliwa Julai 2020, na vitatu vilivyobaki, kikiwemo cha Piraeus, Oktoba 2022.

Kuchimba Athens ni kazi ya polepole, kwani chini ya barabara kuna mabaki ya kale ambayo lazima yatolewe na wataalamu kwanza. Baadhi ya vitu vilivyopatikana vimewekwa vituoni.

Kabla ya hapo Piraeus haikukosa reli. Njia ya kwenda Athens ilifunguliwa mwaka 1869 na leo ni Njia ya Kwanza ya metro, lakini haifiki uwanja wa ndege.

Inavyofanya kazi

Treni hupita chini ya ardhi hadi kituo cha Doukissis Plakentias. Kuanzia hapo hutoka juu na kutumia reli moja na treni za vitongojini. Umeme nao hubadilika: mjini ni volti 750 kutoka reli ya pembeni, na baada ya hapo ni volti 25,000 kutoka waya wa juu. Ni treni zilizotengenezwa kwa umeme wa aina zote mbili tu zinazoweza kumaliza safari.

Ndiyo maana treni nyingi huishia Doukissis Plakentias, na za uwanja wa ndege hupita kwa kupishana zaidi ya nusu saa. Msafiri asome kibao cha mbele ya treni kabla ya kupanda.

Nauli nayo ni tofauti. Kipande cha Piraeus kilipofunguliwa mwaka 2022, tiketi ya mjini ilikuwa euro 1.20 na ya uwanja wa ndege euro 9.

Mzigo unapita wapi

Kituo cha metro kiko jirani na gati za meli za abiria ziendazo visiwani. Kontena hushushwa Ikonio, magharibi ya hapo, kwenye gati zinazoendeshwa na kampuni ya COSCO ya China, ambayo mwaka 2016 ilinunua asilimia 51 ya hisa za mamlaka ya bandari. Tangu mwaka 2013 reli ya mizigo inatoka Ikonio hadi Thriasio na kuungana na njia kuu ya kaskazini, kuelekea nchi za Balkani na Ulaya ya Kati.

Mombasa mambo ni kinyume. Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 inawashusha Miritini, nje ya kisiwa, wakati njia ya mizigo inaingia hadi bandarini.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayesikia kwamba bandari "imeunganishwa kwa reli" aulize kwanza: reli hiyo inabeba watu au mzigo, na inaishia gati gani? Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia kama bado atahitaji lori, na kwa umbali gani.